Kaza, Wifi

Mimi ni mkali, sifichi. Wafanyakazi wananiita Sista usoni, nikigeuza kisogo wananiita Pilipili, na wanadhani sijui. Najua sana. Muuguzi peke yake kwenye machimbo ya mawe yenye watu mia mbili na kumi, hospitali iko mwendo wa saa mbili na nusu, tena barabara ikiwa kavu! Ukiwa mpole mahali kama hapo watu watakufa huku wanakuchekea. Kwa hiyo miaka kumi na moja nimekuwa mkali, na kila Jumamosi saa tatu asubuhi nimekuwa nikilifundisha kundi la wafanyakazi kumi na wawili namna ya kumshikilia mtu asife kabla hajamfikia daktari. Kuzuia damu, kufungua njia ya hewa, kufunga mfupa uliovunjika, kumbeba aliyeumia mgongo. Wakikosea nawafokea. Wakipatia nawafokea pole pole.

Jumamosi ninayoisimulia ilikuwa siku ya mtihani, na mwanafunzi niliyekuwa namngojea kwa hamu ni wifi yangu, kitindamimba kwao na mume wangu, karani wa mizani ya malori pale pale machimboni. Wifi huyu nimemlea mimi. Alikuja kwangu ana miaka kumi na mitatu na sanduku lisilo na kufuli, leo ana ishirini na sita na bado yuko, bado anamaliza maji ya moto asubuhi, na tukikutana jikoni tunapigana vijembe mpaka kaka yake anatoka nje kwenda kuosha pikipiki aliyoiosha jana. Darasani lakini alikuwa mtu mwingine kabisa. Hakuwa na ulimi. Nilichosema alikiandika, alichokiandika alikifanya, hapunguzi wala haongezi. Kila jaribio alikuwa wa kwanza. Nilimwonea fahari, ila kumwambia, thubutu! Angevimba kichwa tusingepita naye mlangoni.

Saa mbili na dakika arobaini nilitoka zahanati, ambayo ni kontena la chuma lenye kitanda kimoja, kabati na sinki, nikasikia mashine ya kukatia vyuma inalia karakana. Mlio wenyewe tu ulinipandisha mori. Mashine ile ina kifuniko cha kukinga diski, na fundi wetu wa kuchomelea, ambaye sote tunamwita Cheche, ana tabia ya kukivua, eti kinamziba haoni kazi. Nilishamkanya mara tatu kwa mdomo na mara moja kwa barua. Nikakaza mwendo. Nilikuwa na dakika ishirini kabla ya mtihani na nilipanga kuzitumia zote juu ya kichwa chake.

"Cheche! Zima hiyo kitu!"

Hakusikia. Alikuwa ameinama juu ya bomba la chuma, kifuniko kiko chini karibu na kandambili zake, kama nilivyojua. Nikaingia ndani, nikasimama ubavuni pake, karibu kuliko ambavyo ningemruhusu mtu mwingine yeyote kusimama, nikamnyooshea kidole. Akainua uso. Akanitambua, akashtuka, mkono ukapinda. Diski ikabanwa ndani ya bomba na ikapasuka.

Nilihisi kama nimechapwa fimbo pajani. Sikusikia maumivu, nilisikia hasira. "Nani kanipiga?" nikauliza, na wallahi niligeuka nyuma kumtafuta. Kisha nikatazama chini. Sketi yangu nyeupe ilikuwa imechanika upande wa ndani wa paja la kushoto, kiganja kimoja juu ya goti, na weupe wake ulikuwa unaondoka mbele ya macho yangu. Damu ikaruka. Haikuchuruzika, iliruka, ikatulia, ikaruka tena, kwa mapigo ya moyo wangu mwenyewe.

Nimelifundisha hilo mara ngapi? Damu ikiruka namna hiyo, mtu mzima ana dakika tatu, nne akiwa na bahati. Pale karakana hakuna aliyeijua hesabu yangu kuliko mimi. Nikakaa sakafuni kabla sijaanguka, nikaweka ngumi zote mbili juu ya kidonda na kuegemea kwa uzito wangu wote. Ikapita katikati ya vidole hivyo hivyo.

"Mkoba mwekundu!" nikampigia Cheche kelele. "Nyuma ya mlango wa zahanati! Na umwite wifi yangu! Umesimama nini, mshenzi wewe, kimbia!"

Cheche alikuwa amesimama mdomo wazi, mashine bado mkononi. Alipoondoka aliondoka kweli, akaacha kandambili moja.

Cheche alikutana na wifi njiani, maana wifi alikuwa anakuja mtihani na mkoba ameubeba yeye. Aliingia mbio, akaniona, na uso wake ukasawijika. Nikajua ananiona mimi, wifi wa jikoni, mke wa kaka yake, na sikuwa na muda wa kuwa huyo.

"Wifi, kazi," nikasema. "Nifanye mgonjwa."

Akapiga magoti. Hapo nilimwona mwanafunzi wangu. Mkasi, sketi ikachanwa mpaka kiunoni bila aibu. Mkanda wa kuzuia damu ukatoka kwenye mfuko wake, ule mpana wenye kijiti cha kusokota. Akaupitisha chini ya paja, akaupandisha juu kabisa, akavuta, akaanza kusokota kijiti. Mzunguko wa kwanza. Wa pili. Nikasema moyoni, mtoto huyu nimempa alama zote.

Mzunguko wa tatu ulinitoa roho.

Sikilizeni, niseme ukweli ulivyo. Nimefundisha mkanda ule miaka kumi na moja na sikuwahi kufungwa nao ukakazwa hasa. Nilikuwa naujua kwa picha, kwa kitabu, kwa semina ya siku nne mjini. Maumivu yake sikuyajua. Yanaanzia kwenye paja na kukupanda mpaka kwenye meno, na akili yote uliyosoma inakukimbia, unabaki na mdomo tu. Mdomo wangu ukapiga ukelele:

"Inatosha!"

Na wifi yangu akaachia kijiti, akainua mikono yote miwili juu.

Kijiti kikazunguka kurudi, mkanda ukalegea, damu ikaruka tena ikampata kifuani.

Sheria hiyo niliitunga mimi. Mwaka wa kwanza wa mafunzo, dereva mmoja wa buldoza alimkaza mwenzake mpaka mkono ukafa ganzi siku nzima, meneja akaniita ofisini, akasema mazoezi yakimuumiza mtu mwingine mmoja tu atayafunga. Nikatunga sheria: anayejifanya mgonjwa akisema "inatosha", wewe unaachia hapo hapo na kuinua mikono juu niione. Asiyeinua mikono nilimkata alama tano. Nilikuwa mkali juu ya jambo hilo kuliko mambo mengine yote. Jumamosi kwa Jumamosi, mtu anafungwa, anasema inatosha, mikono juu. Watu walikuwa wanafanya bila kufikiri, na mimi nilikuwa nawasifu kwa sababu hawafikiri.

"Kaza!" nikasema.

"Umesema inatosha!"

"Nimesema kwa sababu inauma! Kaza, wifi!"

Akashika kijiti. Moja, mbili, tatu, na mdomo wangu, mjinga yule, ukasema tena, "Inatosha, inatosha, jamani inatosha!" Nikaona mikono inapanda juu. Nilimtazama usoni. Alikuwa anaishangaa ile mikono kuliko mimi. Alitaka kukaza, macho yake yalitaka, mikono ilikuwa imeshasikia neno langu kabla yake.

"Wifi, sijui nimefanya nini," akasema, akaanza kulia.

Sakafu ya karakana ni ya saruji, imejaa vumbi la chuma. Damu ilikuwa imetandaa mpaka kwenye magurudumu ya mtungi wa gesi. Nilianza kusikia baridi, na baridi hiyo naijua, sikuipenda. Cheche alikuwa mlangoni ameshika kichwa, anaita majina ya Mungu yote anayoyajua. Nikapiga hesabu ya dakika, nikaona mbili zimekwisha na ya tatu imo njiani. Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa kufa pale chini, mbele ya mafuta machafu na Cheche, kwa kuuawa na mwanafunzi wangu mzuri kuliko wote.

"Nisikilize," nikamwambia. "Kuanzia sasa mimi si mwalimu wako. Neno langu halina kazi. Unatazama damu tu, si mimi. Damu ikisimama ndipo unaacha."

"Nitakuumiza."

"Niumize! Kwani umewahi kunipenda?"

Akacheka, wallahi alicheka, machozi na kamasi na damu usoni. Nikavua mtandio wangu kichwani, nikaukunja, nikauuma kwa meno yote, nikaushika kwa mkono wangu mwenyewe ili nisiutoe. Nikamwashiria kwa kichwa.

Akakaza. Moja, mbili, tatu. Nilipiga kelele ndani ya kitambaa, sauti ikatoka bila neno. Mikono yake ikasita. Akaiangalia damu. Nne. Alikuwa ananitukana sasa, ananiita mwanamke mbishi, mchoyo wa sukari, amenichoka tangu shule ya msingi, na kila tusi alilizungushia kijiti. Nusu ya tano. Damu ikaruka kidogo, ikatambaa, ikasimama.

Akafunga kijiti kwenye ndoana yake. Akachukua mkanda wa pili akauweka chini kidogo ya ule wa kwanza, akakaza na huo bila kuniuliza. Kisha akatazama saa na kuniandikia kwa kalamu ya wino kwenye paji la uso: saa tatu kasoro dakika nane. Ni hapo tu alipotapika, pembeni, kwa adabu.

Gari la machimbo linaendeshwa na mtu tunayemwita Kobe, na jina hilo hakupewa kwa ukoo wake. Siku zote nimemsuta kwa mwendo wake. Siku hiyo walinilaza nyuma kwenye godoro, wifi akapanda nami na mablanketi mawili na chupa ya dripu, Cheche akabaki nyuma amejishika kifua, na Kobe akaondoka kwa kasi iliyonigonganisha na ubao wa gari. Nikasikia anamwambia wifi kupitia dirisha dogo, "Mshike vizuri, dada. Leo simfuati mtu nyuma."

Saa ya kwanza nilikuwa mimi. Nilimwelekeza dripu, akapata mshipa mara ya pili. Nilimwambia anifunike na kichwa. Nilimwambia asinipe maji hata nikilia. Aliitikia, "Sawa, wifi," kila mara, na baada ya kila kilomita kadhaa alifunua blanketi akatazama mikanda, akafunika.

Saa ya pili sikuwa mimi.

Mguu ule ulikuwa unawaka. Sijui niseme vipi. Maumivu ya kidonda yalikwisha, yakabaki ya mkanda, na hayo hayapumziki, hayapandi wala hayashuki, yapo tu. Na damu iliyobaki mwilini haikutosha kuendesha kichwa. Miaka thelathini iliyopita, chuo cha uuguzi, tulifundishwa kwamba mkanda unalegezwa kila baada ya muda, kidogo, mguu upate uhai. Baadaye tukaambiwa hapana, acheni, mnawaua watu, mkanda hafungui mtu ila daktari. Nimewafundisha wanafunzi wangu hilo la pili. Lakini ndani ya gari lile la pili likapotea kabisa, likarudi lile la kwanza na sauti ya mwalimu wangu wa zamani, Mungu amrehemu.

"Wifi," nikasema kwa utulivu kabisa. "Umefika wakati wa kulegeza."

"Haulegezwi."

"Dakika moja tu. Mguu upumue. Hapo utauozesha."

"Wewe ndiye uliyetufundisha haulegezwi mpaka kwa daktari."

"Nimebadilisha. Mimi ndiye mkuu wa zahanati, mimi ndiye mwalimu, nimebadilisha. Legeza."

Nilisema kwa sauti yangu ile. Ile ya Jumamosi. Watu wazima wenye ndevu hunyanyuka wakiisikia. Na nikaona mkono wa wifi unatoka kwenye blanketi na kwenda kwenye kijiti.

Leo nikilala najaribu kutoufikiria mkono ule. Miaka kumi na mitatu nilimwambia fanya, akafanya. Oga, soma, funga mlango, usimwamini huyo bwana, jaza fomu ya kazi. Hajawahi kunikatalia jambo la maana. Vidole viligusa kijiti kabisa. Kobe akapiga breki kwenye shimo, gari likatupa, na nilimwona anatazama paji la uso wangu, pale alipoandika. Akaurudisha mkono. Akaukalia.

"Hapana," akasema.

"Unasemaje?"

"Nimesema hapana, wifi."

"Nakuamuru!"

"Niamuru. Hapana."

Nikaamua kufanya mwenyewe. Niliinuka kwa kiwiko, nikapeleka mkono, akaupiga ukarudi. Nikaupeleka tena, safari hii nikashika kijiti, na nina nguvu za kunyanyua wagonjwa, sikukishika kwa mchezo. Basi yule mtoto niliyemnunulia viatu vya shule akanizaba kofi la uso. Lilisikika mpaka mbele. Kobe akauliza kuna nini, hakujibiwa.

Sikuwahi kupigwa kofi tangu niwe mtu mzima. Mkono ulikiachia kijiti kwa mshangao tu. Akaikamata mikono yangu yote miwili, akaibana kifuani pake, akajilaza juu yake, na hakuiachia tena mpaka tulipofika. Nilimchukia. Nilimtajia kila nilichomfanyia, sare, madaftari, usiku wa malaria yake, nikamwambia atahama kwangu kesho asubuhi na sanduku lake. Alikuwa analia machozi yananidondokea shingoni, na kila nilipomaliza sentensi alisema, "Sawa, nitahama. Tulia."

Kutoka hapo nakumbuka vipande. Taa za dari zinapita. Sauti ya mume wangu inaita jina langu, imekuwa nyembamba. Mtu anasoma paji langu la uso kwa sauti.

Nilipasuliwa mara mbili. Mguu ukabaki. Vidole vya mguu wa kushoto sivisikii mpaka leo, lakini vipo, navihesabu. Daktari mpasuaji, kijana mwenye macho ya kukosa usingizi, alikuja siku ya tatu akauliza nani aliifunga ile mikanda. Nikamwonyesha wifi, aliyekuwa anamenya chungwa kando ya kitanda.

"Ililegezwa njiani?"

"Hapana," wifi akasema.

"Ingelegezwa mara moja tu, mama huyu asingefika kwenye lango letu." Akaandika kitu, akaenda zake.

Mume wangu akatoka nje. Tulibaki wawili. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia wifi tangu jana yake, maneno mazuri, ya shukrani, na hayakutoka. Nilisema, "Ulinipiga kofi."

"Na nilifaidi," akasema. Akanilisha kipande cha chungwa. Kisha akamenya ganda jeupe lililobaki, na nikaona ana jambo.

"Mimi ndiye nilikuwa wa kwanza darasani," akasema.

"Ndiyo."

"Na mara mbili niliachia. Ingekuwa si wewe, ingekuwa mtu asiyejua aseme nini... wifi, tuko wangapi tuliofundishwa hivi?"

Nilikuwa nimelala siku tatu nikifikiria mguu wangu, na jambo hilo halikunipitia kichwani hata mara moja. Kumi na wawili kila kozi. Kozi moja au mbili kwa mwaka. Wengi wao walishaacha machimbo, wamekwenda kwenye barabara, kwenye mashamba, kwenye migodi mingine, kila mmoja na cheti changu na mkanda mmoja niliompa siku ya kuhitimu.

"Kaniletee daftari la majina," nikasema.

Walikuwa mia moja na themanini. Siku ya tano tukaanza kuwapigia, wifi anapiga, anaweka sauti ya nje, ananipa. Wauguzi wa wodi walinifokea nipumzike, nikawafokea wapumzike wao. Kila mmoja nilimwambia maneno yale yale. Nimekufundisha vibaya. Mkanda unakazwa mpaka damu isimame. Akilia kaza, akikutukana kaza, akisema inatosha kaza. Mazoezi ya kukaza fanyia kwenye gogo lililovishwa suruali, si kwa mtu wa kukuambia basi. Sema na wewe nisikie. Nao wakarudia, wengine wakacheka, wakasema Sista kumbe hata hospitali unafundisha. Namba nyingine hazikupatikana. Wawili walikuwa wamekufa kwa mambo yao.

Siku ya saba asubuhi tulimpata mmoja aliyekuwa opereta wa mashine ya kusaga kokoto, mrefu, mtaratibu, alihitimu kozi ya tano. Sasa yuko kiwanda cha mbao, mbali. Nilisikia misumeno nyuma yake.

"Sista wangu!" akasema. "Nimesikia umeumia, pole sana mama. Hata jana nilikutaja. Unajua mafunzo yako nilishayatumia?"

"Uliyatumia wapi?"

"Hapa hapa, mwaka juzi. Mwenzangu msumeno ulimpitia mkono, hapa juu ya kiwiko. Watu wote walikimbia, mimi nikaenda. Nilikuwa na ule mkanda ulionipa. Nilifanya kila kitu, Sista, ungekuwepo ungenipa alama zote. Nikakaza, akasema inatosha, ndugu yangu, inatosha. Nikaachia, nikarudisha kidogo kidogo mpaka pale anapoweza kuvumilia. Alikuwa anazungumza nami kabisa." Akashusha pumzi. "Alifia njiani. Damu ilikuwa nyingi mno. Siku yake ilikuwa imefika. Lakini mimi roho yangu nyeupe, na mke wake mpaka leo ananiheshimu, anawaambia watu huyu ndiye peke yake hakukimbia."

Wifi alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Nilimtazama nikitumaini atanikonyeza ninyamaze. Hakunikonyeza.

Ningeweza kumwambia pole, nikakata. Mtu ana amani yake, ananishukuru, mimi ni nani nimvunje? Nilifikiri hivyo, na sioni aibu kusema nilifikiri kwa muda mrefu kiasi kwamba akauliza kama bado nipo. Lakini alikuwa amesimama kwenye kiwanda chenye misumeno, na sheria yangu bado mikononi.

"Nipo," nikasema. "Zima mashine au toka nje. Kuna jambo nataka ulisikie vizuri."

Nikamwambia. Nilimwambia yote, mpaka mtandio. Nilimwambia sheria ile ni yangu, niliitunga kwa kumwogopa meneja, na yeye alifanya kama nilivyomfundisha, hakukosea hata hatua moja. Nilisema kosa ni langu, nikarudia, kosa ni langu.

Alikuwa ametoka nje, misumeno ilikuwa mbali.

"Kwa hiyo ilitakiwa niendelee," akasema.

"Ndiyo."

"Hata alipokuwa ananiomba."

"Ndiyo, baba."

"Ningeendelea angepona?"

Miaka yote hii ya kazi nimeulizwa swali hilo na jamaa za wafu, na majibu ninayo, ya Mungu ndiye ajuaye, ya sisi tunajaribu tu. Nilikuwa nalo moja mdomoni tayari. Nikaona nikimpa hilo nitakuwa nimemdanganya mara ya pili.

"Naona angepona," nikasema.

Sikusikia kilio. Nilisikia anahema tu, kama mtu aliyepanda mlima na mzigo. Wifi akaushika mguu wangu ule usiosikia, juu ya blanketi.

"Nitamwambia nini mke wake?" akauliza.

"Usimwambie kitu wewe. Nitakuja mimi, nimwambie kwa mdomo wangu."

"Utakuja lini?"

"Daktari amesema sikanyagi mpaka wiki sita."

"Mlango wake uko njiani kwangu," akasema. "Asubuhi nikienda kazini yuko nje anafagia, ananisalimia. Jioni nikirudi ananisalimia. Wiki sita, Sista."

Akakata simu. Nikampa wifi ile simu aniwekee namba inayofuata, maana macho yangu hayakuwa yanaona tarakimu.